Kirukanjia wa Siku ya Posa

Luqmani wa Mlali si mtu wa kuamini kila anachoambiwa, na hilo ndilo lililomponza. Mtu anayejulikana kwa kutoamini, siku akionekana ameamini, hakuna anayemuuliza mara mbili.

Ana miaka hamsini na sita. Ukimkuta barabarani na shati lake la mikono mirefu, amefunga vifungo mpaka shingoni, utadhani ni mwalimu wa madrasa. Siyo. Kazi yake kwa miaka ishirini na tisa ni kutega virukanjia. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo, na waache wacheke, maana hakuna kati yao aliyewahi kushika kazi moja muda wote huo.

Kirukanjia kila mtu anamjua, ni kale kamnyama kenye pua ndefu, macho madogo na harufu mbaya, ambako watu hukaita panya. Mbele ya Luqmani usikaite panya. Panya anakula mahindi yako, atakwambia, lakini kirukanjia hata punje hagusi. Huyu ni mla nyama. Anakula minyoo, mende, konokono, anamvamia chura mkubwa kuliko yeye na kumshinda. Hana mchana wala usiku, kutwa kucha anawinda, kwa sababu akikaa saa chache bila kula anakufa. Ukiwafungia wawili pamoja bila chakula, asubuhi unamkuta mmoja, na huyo mmoja ameshiba.

Kwa hiyo kutega virukanjia ni kazi ya mtu mwenye huruma na asiyependa kulala. Kila msimu watafiti walipanda kutoka mjini mpaka kwenye msitu wa juu, kule ambako ukungu hautoki hata jua la saa sita likiwaka. Luqmani alifukia ndoo za plastiki hadi mdomo ukalingana na ardhi, akasimamisha ukuta mfupi wa nailoni kupita juu ya ndoo zote. Kirukanjia akifika kwenye ukuta hapandi, anaufuata, na akiufuata anatumbukia. Ndani Luqmani ameshamwekea minyoo. Kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa ameshazunguka ndoo zote, maana akichelewa anakuta maiti. Watafiti walikuja na kuondoka, wengine wazungu, wengine wa hapa hapa, na kila aliyekuja aliambiwa amtafute Luqmani kwanza.

Sasa, katika milima ile na chini yake, watu wazima na akili zao wanajua kwamba kirukanjia hawezi kuvuka njia. Akivuka anakufa papo hapo. Na kama unakwenda kwenye jambo la heri, harusi au posa au safari, ukamkuta amelala katikati ya njia yako, unarudi. Hujiulizi, unarudi, na jambo lenyewe linaachwa.

Luqmani alibishana na watu juu ya hili kwenye kahawa, kwenye misiba, hata nje ya msikiti. "Anayewaua ni nguchiro," alikuwa anasema. "Anamng'ata, anaonja ule uvundo, anamtema. Nguchiro naye anapenda kutembea njiani kama nyinyi, ndiyo maana anamtemea njiani. Anaweza kumbeba kutoka mbali na kumwacha popote. Kule porini wamekufa wengi tu, ila nani anawaona?" Wenzake walimsikiliza, wakamalizia kahawa yao, wakasema, "Sawa, daktari." Jina hilo lilimkaa.

Dada yake, Mwaisha, anaishi juu, kwenye ardhi ya ukoo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mlali. Mwaisha ana binti mmoja, Yasmin, fundi cherehani, na huyu Yasmin ndiye aliyekuwa roho ya Luqmani. Baba yake alihamia Ifakara mtoto akiwa hajaota meno, akapata nyumba nyingine, basi. Kwa Waluguru hilo si mwisho wa dunia, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama na wa kumsemea ni mjomba. Luqmani alimsemea. Mtoto alipougua surua alimteremsha mlima mgongoni akiwa anamwimbia, na hana sauti.

Yasmin alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja. Aliwahi kuposwa akiwa na ishirini na nne, yule mwanamume akaenda kutafuta maisha na hajarudi mpaka leo. Tangu hapo alishona magauni ya harusi za wenzake na hakuna aliyemsikia akilalamika. Ndipo akatokea Twalibu, mfanyabiashara wa karanga wa Gairo, mpole, mwenye kicheko cha aibu. Yasmin alishuka hadi Mlali kumwambia mjomba wake kwa mdomo wake mwenyewe. "Huyu namtaka, mjomba," alisema. "Naomba hili lisiharibike." Luqmani akamwambia halitaharibika.

Katika ukoo wao posa inapokelewa na mjomba mkubwa. Wageni wakifika wanakaa nje kwenye mikeka, na hawapewi hata maji ya kunywa mpaka yeye aseme karibuni. Hata mdogo wake akiwapo hawezi kusema badala yake, labda awe ameachiwa neno. Ni mila ya zamani na Luqmani, pamoja na ubishi wake wote, aliipenda hii. Ilimpa nafasi ambayo hata daktari wa kweli hana.

Wageni wa Gairo walitarajiwa Jumapili, baada ya adhuhuri. Luqmani alitoka nyumbani saa moja asubuhi, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, amejipaka mafuta hadi nyuma ya masikio. Alikuwa na muda wa kutosha na wa kubaki. Alipofika katikati, pale njia inapopita kati ya shamba la maharage na migomba, akamwona kirukanjia, chali, katikati ya njia.

Hakushtuka, wala asingeshtuka. Alichuchumaa kumtazama kwa mazoea tu. Manyoya meusi, laini, mafupi. Mkia mfupi. Akamgeuza kwa kijiti, akaona kucha za mbele, ndefu, za kuchimbia. Aina hii yeye na watafiti walikuwa wameipata kule juu kabisa tu, kwenye ukungu, na mara chache. Dokta Jesca, mtafiti aliyefanya naye kazi miaka minne ya mwisho, alikuwa akimwambia kila msimu: siku ukimpata huyu nje ya msitu, hata mmoja, hiyo ni habari kubwa, niletee hata kama nimelala. Na huyu hapa, chini, kwenye maharage ya watu.

Jua lilikuwa linapanda na nzi wawili walishafika. Mradi uliisha msimu uliopita na chupa zake za spiriti zilirudishwa mjini. Kwa saa chache za joto mnyama mdogo kama yule anaoza, kucha zinang'oka, hafai kwa lolote. Luqmani aliwaza gongo. Ingefaa kabisa kumhifadhi hadi jioni, na pale Mlali palikuwa na mama anayeuza. Lakini mama yule yuko mkabala na msikiti, na mjomba wa posa kuonekana ananunua gongo asubuhi akiwa na kanzu nyeupe, hapana. Angesemwa. Aliogopa kusemwa.

Akapiga hesabu. Kushuka, saa moja. Pikipiki hadi mjini, kumkabidhi Dokta Jesca mlangoni, kugeuza. Kwa adhuhuri angekuwa amefika, au angechelewa kidogo, na wageni wa posa siku zote huchelewa. Hesabu ile ilikuwa ya uongo na alijua alipokuwa anaipiga. Alichana jani la mgomba, akamfunga kirukanjia vizuri, akamtia mfukoni mwa kanzu.

Alipoinuka, Pili, jirani wa Mwaisha, alikuwa anateremka na mkungu wa ndizi kichwani. "Shikamoo, mjomba," alisema Pili. "Mbona umesimama?"

"Marahaba. Nimekuta kirukanjia hapa njiani. Mwambie dada Mwaisha nimerudi chini." Kisha akageuka, akashuka upesi.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Alikuwa na haraka, na kichwani mwake kirukanjia ni kazi, kwa hiyo hakufikiri kwamba kwa mtu mwingine yeyote katika milima ile, maneno hayo ya mjomba anayekwenda kwenye posa yana maana moja tu. Pili alimwangalia mpaka akapotea kwenye migomba. Hakuendelea na safari yake ya sokoni. Naye akageuza.

Mjini, Dokta Jesca alikuwa kanisani na simu ameizima. Msaidizi wa nyumbani alimpa Luqmani kiti barazani, ila alipoombwa aweke lile jani kwenye friji alikataa katakata, na nani atamlaumu. Luqmani akakaa na jani lake kivulini. Mara mbili alisimama aondoke, mara mbili akakaa. Alimpigia Mwaisha na simu haikupatikana, kwani kule juu mtandao unashika ukipanda kwenye jiwe moja tu. Saa nane Dokta Jesca akafika.

Alimpima palepale jikoni, urefu wa mkia, urefu wa unyayo, akamfungua mdomo akayatazama meno kwa kioo cha kukuzia. "Ndiye," alisema. "Luqmani, ndiye." Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Kisha akachukua kikaratasi aandike. "Ulimtega wapi?"

"Sikumtega. Nilimkuta njiani."

Kalamu ya Dokta Jesca ilisimama. "Njiani? Ulimkuta ameshakufa?"

Luqmani akajibu ndiyo. Miaka ishirini na tisa alikuwa anawaeleza watu kwamba wa njiani anaweza kuwa amebebwa na nguchiro kutoka popote. Kirukanjia aliyekufa njiani hathibitishi alikoishi, na mtu wa kwanza kulisema hilo kijijini alikuwa yeye. Dokta Jesca, kwa upole, aliandika jina la mahali na mbele yake akaweka alama ya kuulizia. "Si mbaya," alisema. "Asante kwa kujituma." Alimwona na kanzu yake iliyoingia doa mfukoni, akamuuliza kama alikuwa anakwenda mahali. Luqmani akasema ndiyo, akaaga.

Wageni walikuwa tisa. Walifika saa saba kamili, maana watu wa Gairo walioheshimu mwaliko hawakuchelewa hata kidogo. Walikaa kwenye mikeka mpaka karibu na saa tisa bila tone la maji, baada ya mlima ule wote. Halidi, mdogo wake Luqmani, alizunguka uani anasonya, hana neno aliloachiwa. Wa kuficha habari hakuwapo. Mshenga, Mzee Abdi, alipouliza kwa mara ya tatu mjomba yuko wapi, Mwaisha akamwambia alichoambiwa na Pili. Mzee Abdi akatikisa kichwa taratibu. Akavaa viatu. "Tutaonana siku nyingine, Mungu akipenda," alisema, na wote walielewa kwamba siku hiyo haipo.

Luqmani alifika jua likiwa linazama, maneno ya kuomba radhi ameyapanga njia nzima. Hakupata nafasi ya kuyasema. Mwaisha alimshika mikono yote miwili.

"Kaka, ahsante," alisema. "Mtu mwingine angepita tu, asitake kujiaibisha. Wewe na ubishi wako wote umerudi. Umemwepusha mwanangu na balaa."

Luqmani alifungua mdomo. Angesema hapo hapo lingekuwa jambo la jioni moja, la kelele na la kulia, na asubuhi Halidi angewafuata wageni Gairo. Akaufunga. Alimwambia dada yake amechoka, akalala hapo hapo juu.

Siku tisa alinyamaza. Nasema siku tisa kwa sababu yeye mwenyewe alizihesabu. Kwenye kahawa walimsogezea kiti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwita daktari. Wazee walimwambia kwamba akili humjia mtu kwa wakati wake. Halidi akamwambia, "Nilijua kaka unaamini, ulikuwa unatuchezea tu." Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Mtu aliyebezwa miaka karibu thelathini akionja heshima, hata kama ni ya uongo, anaiacha mdomoni kidogo kabla ya kuitema.

Yasmin ndiye aliyemmaliza. Hakuuliza kitu. Aliteremka Jumatano akiwa na bakuli la kisamvu cha nazi, akaifua ile kanzu, akakisugua kile kidoa cha mfukoni mpaka kikatoka. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alimhudumia mjomba wake kama mgonjwa anayepona. Luqmani alikula nusu ya kisamvu kile, akalifunika bakuli.

Siku ya tisa Pili alipita na habari. Watu wa Twalibu walikuwa wameshamtafutia binti Kilosa, Ijumaa wangekwenda kuposa. Twalibu mwenyewe alikuwa hataki, lakini kijana wa watu hawezi kuwashinda wazee wanaoogopa mkosi. Luqmani hakumngoja Pili amalize. Asubuhi yake alikuwa ndani ya basi la Dodoma, na saa nne alikuwa Gairo, anapiga hodi kwa Mzee Abdi.

Mzee Abdi alikuwa anapepeta karanga. "Shikamoo," alisema Luqmani, akabaki amesimama kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Mzee akaitikia marahaba bila kuacha ungo.

Luqmani alimweleza yote. Kucha, nzi, hesabu ya uongo, jani la mgomba, kiti cha barazani. Alisema hakurudi kwa kuogopa mkosi, hata kidogo. Alirudi kwa tamaa yake, akitaka kuwa yeye aliyempata mnyama yule. Alisema pia kuhusu zile siku tisa, ambazo angeweza kuziruka.

Mzee Abdi aliweka ungo chini. "Kwa hiyo njia haina ubaya."

"Haina."

"Na binti hana mkosi."

"Binti hana lolote, mzee. Ubaya ni wangu."

"Ni wako," Mzee Abdi alikubali, kwa sauti ile ile ambayo angekubali kwamba mvua imenyesha. "Watu tisa, baba yangu mdogo mmoja ana miaka themanini, tumepanda mlima, hatukupewa maji. Kwa ajili ya panya."

Luqmani hakumrekebisha. Huenda ni mara yake ya kwanza maishani.

"Tutarudi Jumapili," alisema Mzee Abdi. "Mkosi ndio uliotufukuza, na mkosi haupo. Ila wewe usitupokee. Tafuteni mtu mwingine wa kusema karibuni." Ndipo akampa maji.

Jioni ile Luqmani alipanda kwa Mwaisha. Alimwambia dada yake uani, mbele ya Halidi, na akamwachia Halidi neno kama mila inavyotaka. Mwaisha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alisema, "Nenda ukamwambie mwenyewe," akaingia jikoni.

Yasmin alikuwa kwenye cherehani, barazani, anashona gauni la mtu. Luqmani alikaa kwenye kigoda, akaanza na habari njema, akasema wanakuja Jumapili na Twalibu anakuja nao. Yasmin alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, na kwa dakika moja alikuwa na furaha kabisa, furaha ya wazi, akajishika kifua. Kisha akauliza imekuwaje. Luqmani akamweleza.

Cherehani ilikuwa imesimama na mguu wa Yasmin bado uko kwenye pedali.

"Mimi nilikuwa najua uliogopa," alisema mwishoni, polepole, bila hasira. "Nilikuwa nalia usiku, halafu nasema, sawa, nimemkosa Twalibu, lakini mjomba wangu, ambaye haamini hata kitu kimoja, ameogopa kwa ajili yangu. Nilikuwa nashikilia hapo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe." Aliirudisha nguo chini ya sindano, akaisawazisha kwa kiganja. "Lakini bora ungeogopa, mjomba."